Ulimi wa Mkwe

Kabla ya chai, kabla ya mswaki, walikwisha kukaa
kwenye benchi la zahanati, ukungu bado umelalia migomba,
watu wazima waliofundwa kwa makofi
kwamba ulimi hautolewi mbele ya mtu.
Nami nalipwa kuwaambia: utoe.
Zaidi. Mpaka kidevuni. Usiukaze.

Simu ya mradi, kadi ya rangi chini ya shavu
ili wekundu wa Lwangwa usibishane na wekundu wa Dodoma.
Bofya. Anayefuata.

Nimeona ndimi.
Wa Ngwisa una ramani, visiwa na mipaka inayohama.
Wa kijana wa bodaboda ulikuwa wa buluu,
naye akaapa hakulamba pipi njiani.
Wa bibi Gwantwa safi kama jani la chai lililonyeshewa.
"Huu?" akacheka. "Umesema watu miaka sabini, hauna hata kovu."
Wahenga walituambia ulimi hauna mfupa.
Utando hawakuutaja.

Namba thelathini na moja nilimjua kwa miguu:
buti la mvua, kiraka cha mpira wa baiskeli,
kiraka ninachokijua miaka kumi na miwili
kwa kuinama na kugeukia ukuta akipita.
Kwetu mkwe hatazamwi.
Jina lake halipiti kinywani mwangu,
hata neno linalofanana nalo nalizunguka
kama mtu anavyozunguka dimbwi.
Bahati mradi unaita namba.

Atupele alikuwa leba, na mzazi hasubirishwi.
Nikajitanda kanga, nikalitazama bango la chanjo,
simu nikampa Lusajo wangu, yuko likizo.
"Babu, toa ulimi!" akasema mtoto,
kwa furaha ambayo hakuna mjukuu aliyewahi kuruhusiwa.
Bofya.

Picha haikuwa na macho. Haikuwa na uso.
Ulimi tu, umejaa kioo kizima:
utando mzito, rangi ya uji uliolala,
ufa katikati kama mfereji uliochimbwa na masika,
kingo zimeiva zambarau.
Ndivyo nilivyomtazama baba wa mume wangu
kwa mara ya kwanza.

Na mimi ndiye ninayemchemshia chai.
Mtoto huipeleka ikitokota; ikikosa mvuke inarudi.
"Ya vuguvugu mpe ndama."
Tangu Machi sahani nayo inarudi,
ndizi zimeguswa pembeni, mchuzi umekwisha.
Sikuuliza. Ningemuuliza vipi?
Nilidhani ameuchoka mkono wangu.

Ulimi hautoi hukumu, tulifundishwa hivyo semina,
na simu nayo bado inajifunza, inakosea kama mwanafunzi.
Ulimi ni kibaraza.
Kinachoumwa, kama kipo, kiko ndani, gizani,
kwenye njia ambayo siku hizi tonge hupita kwa kubisha hodi.
Mbeya wana mpira wenye jicho. Unaumeza, unatazama.

Fomu ya rufaa inataka jina.
Nilikaa nayo. Nje jogoo, mvua ya rasharasha,
mtu anakohoa, anauliza kama dirisha la dawa limefungwa.
Mila imekataza mdomo.
Kuhusu kalamu sikumbuki nikiambiwa kitu.
Nikaliandika lote, herufi kubwa,
mpaka ubini, mkono ukitetemeka kama wa mwizi.

Jumatatu atapanda basi la saa kumi na moja alfajiri.
Mume wangu atamsindikiza. Majibu siyajui.

Jioni ile niliiacha chai mezani
hadi mvuke wake ukakata tamaa.
Nikamtuma Lusajo, nikasimama nyuma ya mlango
kusikiliza kikombe kikirudi.
"Amesemaje?"
"Amesema imepoa."
"Kisha?"
"Kisha kanywa. Kasema sukari haitoshi."